Finjani ya Kocha Mkuu

Mtu akiniuliza kazi yangu, namwambia mimi ni kocha msaidizi wa timu ya mpira wa kikapu ya wasichana, katika chuo kimoja hapa Al Khoudh, Oman. Kwanza huziangalia mvi zinazochungulia chini ya mtandio, kisha huuliza: "Na kocha mwenyewe ni nani?" Swali hilo nimelizoea, ingawa sijalipenda. Kocha mwenyewe amekuwa watu wengi. Alikuwa mama wa Kiserbia asiyecheka, akaja Mtunisia aliyecheka hata tukifungwa, akaja Mmisri aliyewatukana wasichana kwa matusi matamu ambayo mpaka leo wanatukanana nayo wenyewe kwa wenyewe. Kila mmoja alikuja na mipango yake kwenye kompyuta, mkataba ukaisha, akaenda zake. Mimi nipo. Asubuhi niko ofisi ya usajili napiga mihuri, na baada ya alasiri navaa raba na kushuka uwanjani.

Kazi ya msaidizi haifundishwi popote. Mimi ndiye ninayeziba vioo vya mlango wa ukumbi kwa karatasi kabla ya wasichana kuvua mabuibui. Mkoba wangu una bandeji, ndimu, chumvi, na pini za mtandio za kutosha kufungia hema zima, kwa sababu mchezo wetu husimama zaidi kwa ajili ya pini kuliko kwa ajili ya goti. Mimi ndiye ninayezungumza na mama zao kwenye simu, Kiarabu kwa anayetaka Kiarabu na Kiswahili kwa anayetaka Kiswahili, na hao wa pili ni wengi kuliko mtu anavyodhani. Kocha mkuu kazi yake ni kumtoa mchezaji uwanjani. Kazi yangu ni kumpokea anapokuja kukaa kwenye benchi, mdomo umemvimba kwa hasira, asitake maji wala asitake kuguswa.

Baada ya yule Mmisri akaja Mkenya. Mwanamke mfupi, mpana wa mabega, kwao Nyamira, na aliwahi kuchezea timu za Nairobi mpaka goti lake lilipomwambia basi. Siku ya kwanza alinisalimia kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiswahili, naye akaangusha mipira yote aliyokuwa ameikumbatia. Kiswahili chake ni cha mbio na changu ni cha kutembea. Nikisema "nnakuja" huniiga mbele ya wasichana, na mimi humwiga anaposema "nakam," tukacheka mpaka mazoezi yakachelewa.

Yeye ni Msabato. Hanywi kahawa, hanywi chai ya majani, huja na chupa yake ya maji moto yenye ndimu. Ijumaa jua likizama humpati tena mpaka Jumamosi jua lizame, na kwa kuwa mapumziko yetu ni Ijumaa na Jumamosi, husema Mungu aliipanga Oman kwa kumfikiria yeye. Nilimpenda upesi kuliko kawaida yangu. Wenzake waliomtangulia walinipa amri, lakini yeye wiki ya kwanza tu, tukiwa nyuma kwenye mchezo wa kirafiki, aligeuka akaniuliza: "Wewe unaonaje?" Miaka yote ile kwenye benchi hakuna aliyekuwa ameniuliza, na majibu yangu yalikuwa yameshalala.

Mchezeshaji wetu, yule anayepandisha mpira na kuwagawia wenzake, ni binti wa kaka yangu. Simsifu kwa kuwa ni damu yangu, maana nimeshamgombeza kuliko wote. Lakini ana jicho. Huiona pasi kabla mwenzake hajajua kuwa yuko peke yake chini ya kikapu. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho chuoni, na mwaka huo timu ikapata nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya vyuo kule Salala. Ni safari ya basi ya kutwa nzima, na kulala huko mpaka mashindano yaishe.

Mambo yakakwama hapo. Kaka yangu alisema yeye hana neno, lakini mzee yupo. Mzee ni baba yetu, na katika ukoo wetu hata harusi haipangiwi siku kabla ya yeye kukohoa. Mzee akasema mtoto wa kike halali nje ya nyumba ya watu wake. Khalas.

Binti alinijia nyumbani Hail, akakaa jikoni kwangu, akapasua karanga moja moja bila ya kuzila. Hakulia. Alisema: "Shangazi, kama siendi Salala, mpira nauacha kabisa. Sitaki mchezo wa kila siku kuambiwa mwisho wako hapa." Nikageukia sufuria ili asinione uso. Nilipokuwa msichana wa skuli, nilichaguliwa kwenda Bahrein na timu, na baba yangu alisema maneno yale yale, katika majlisi ile ile anayopokelea wageni. Nikanyamaza, nikaolewa, nikazaa, na chuo kilipotafuta mwanamke wa kufuatana na wasichana uwanjani, nilinyanyua mkono kabla hawajamaliza kusema. Mimi ni msaidizi kwa sababu sikucheza kiasi cha kumtosha mtu kuitwa mkuu. Nilijua pia kuwa huyu hatanyanyua mkono. Ana kiburi kuliko mimi, akiacha ameacha.

Nilikwenda kumwombea. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusikia, mwanangu," kisha akaniuliza kama bei ya samaki imeteremka. Mtoto wa nyumbani hata akiwa na wajukuu hana haja mbele ya baba yake. Ana ombi tu, na ombi la mtoto huwekwa kando na vitu vingine vya nyumbani.

Ili mtu amwelewe baba yangu, lazima ajue kuwa amezaliwa Unguja na alifika hapa akiwa kijana, Kiarabu chake kimevunjika vipande. Watu walimcheka dukani, wakamcheka msikitini, wakamwita Mzinjibari kama kwamba ni maradhi. Basi akajifunza. Akazishika mila za nchi hii moja moja, akazishika kuliko wenyewe waliozaliwa nazo, mpaka watu wa bara ya Oman wakija mjini humuuliza yeye jambo fulani lilikuwaje zamani. Katika majlisi yake ya Darsait, juu ya gereji aliyokuwa akiiendesha, kahawa haimiminwi na mtu mwingine. Mkono wa kushoto unashika dele, lile birika la kahawa, wa kulia unatoa finjani, na kahawa ni theluthi tu, maana ukiijaza umemfukuza mgeni. Mgeni akirudisha finjani bila ya kuitikisa, humiminiwa tena. Akiitikisa, ametosheka. Sisi watoto wa kike hatukuwahi kumiminiwa. Kahawa yetu tulikuwa tukijitilia wenyewe jikoni.

Nilipomweleza kocha haya yote, alinyanyua mabega yake mapana. "Si twende tumwone? Kwetu mwanafunzi akikataliwa na mzazi, mwalimu hupanda mlima akaenda boma kwao. Kwani atatukula?"

Njiani kutoka Al Khoudh nilimfundisha. Viatu mlangoni. Mwanamume usimpe mkono mpaka akupe yeye. Halwa uchukue kidogo, kwa mkono wa kulia. Haja yako usiianze, ngoja uulizwe habari, ujibu nzuri hata kama umevunjika mguu. Aliyarudia yote kama mtoto wa chuoni anayehifadhi sura. Jambo moja halikunijia kichwani, nalo ni kahawa. Nilikuwa nimemzoea na chupa yake ya maji moto mpaka nilikuwa siioni tena.

Baba alikuwa amekaa na kaka yangu, na pamoja nao ami yangu, mdogo wake baba, ambaye kwake kila jambo jipya ni baya mpaka lizeeke. Kocha akavua viatu, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Hicho Kiswahili cha bara hicho."

"Ni cha Nyamira, mzee. Lakini kinatembea."

Baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mama yetu afariki, na nusura nisahau tulichokijia. Zikaja tende, ikaja halwa, likaja papai. Kisha baba akachukua dele, akamimina, akampa kocha finjani. Kocha akaipokea kwa mkono wa kulia, vizuri kabisa, akaiweka chini kwenye sinia mbele yake, akakunja mikono mapajani.

Ami yangu aliacha kutafuna tende. Kaka yangu akaniangalia mimi, na mimi mwanzo sikujua kuna nini. Halafu nikakumbuka hadithi nilizozisikia utotoni nyuma ya pazia la jikoni, za wanaume waliokuja kuomba mke, au kuombea damu ya mtu aliyeuawa isilipizwe. Mgeni mwenye haja nzito alikuwa akipewa kahawa, anaiweka chini na hainywi. Mwenye nyumba lazima amuulize haja yake, na ikiwa iko ndani ya uwezo wake, ni aibu ya ukoo mzima kuiacha kahawa ile ipoe. Zilikuwa hadithi tu. Mimi sikuwahi kumwona mtu akifanya hivyo kwa macho yangu, na haki ya kuiweka finjani ni ya mgeni, mtoto wa nyumbani hana.

Baba aliliweka dele chini. Akakitengeneza kilemba chake. "Mgeni wetu," akasema polepole, "kahawa yako iko mbele yako hujaionja. Nnakuuliza. Una haja gani?"

Kocha akaniangalia. Nikatikisa kichwa kuwa ndiyo, sema, maana ningefanya nini?

"Mzee, nimekuja kukuomba mjukuu wako," akasema. "Nataka niende na yeye Salala, nimrudishe vile nimemchukua. Nitalala chumba kimoja na yeye. Hata akikohoa usiku nitasikia."

"Lakini kaka, mtoto wa kike..." ami alianza.

Baba akanyanyua kiganja. "Finjani iko chini," alisema. Ami akafunga mdomo. Mila zile zile alizozoea kutupiga nazo sisi zilikuwa zimemkalia yeye kifuani.

"Kunywa kahawa yako, mwanangu," baba akamwambia kocha. "Haja yako umeipata."

"Asante sana, mzee! Mungu akubariki, akuongezee siku!" Kocha akatabasamu kwa meno yote. Na asiiguse finjani.

Tulingoja. Moshi mwembamba wa kahawa ulikuwa umekwisha. Kupewa haja yako kisha usinywe ni zaidi ya tusi, ni kusema kuwa ulichopewa hakitoshi, na ami aliliona hilo mara moja. Alianza kusogea mbele kwenye mto wake, sura imemrudi. Nikamwinamia kocha sikioni. "Kunywa."

"Siwezi. Unajua siwezi."

Nilijua. Basi nilifanya ninalolifanya kila siku uwanjani kocha mkuu anapokuwa na jambo asiloliweza. Nikanyoosha mkono, nikaichukua ile finjani, nikasema kwa sauti watu wote wasikie, "Mimi ni msaidizi wake," nikainywa kwa pumzi moja. Ilikuwa vuguvugu. Nikaitikisa, nikamrudishia baba. Aliitazama finjani, akanitazama mimi, kisha akaipokea.

Kwenye gari nilicheka mpaka nikalazimika kusimama pembeni. Nikamweleza kocha mila yote, toka mwanzo hadi mwisho, nikifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Yeye hakucheka hata kidogo.

"Kwa hivyo mzee amenipa mtoto juu amefikiria nimefanya mila yake."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa tu sinywi kahawa."

"Ndiyo! Jamani, Mungu mkubwa!"

"Huo ni uongo, dadangu."

"Uongo gani? Hukusema neno."

"Nitampandisha mtoto wa watu basi kwa sababu ya kitu sikufanya? Hapana. Ningemkatalia ile kikombe ningekuwa nimemkosea mzee, ndio maana niliipokea. Lakini lazima aambiwe. Akibadilisha nia, basi, abadilishe."

Hasira zilinipanda mpaka kwenye masikio. Nilimwambia ukweli wake huo aufunge vizuri, auweke kabatini mpaka turudi kutoka Salala. Nilimwambia mambo mengine pia ambayo yule Mmisri angeyapenda. Alinisikiliza yote, akasema kesho ataenda mwenyewe kwa teksi. Watu wakweli ni wazuri sana wakiwa mbali. Simu yangu ikalia, ilikuwa picha kutoka kwa binti: begi lake limefungwa, raba mpya zimefungwa juu yake kwa kamba. Nikamwambia kocha asiende, nitakwenda mimi.

Nikaenda Ijumaa baada ya sala. Baba alikuwa peke yake kwenye majlisi, anapanga tende kwenye sahani kwa ajili ya wageni wa jioni. Nilikaa karibu na mlango, mahali pangu pa siku zote. Nilikuwa naogopa kama nilivyoogopa nikiwa na miaka ya skuli, na nilijionea haya kwa hilo, mtu mzima kama mimi.

"Baba, yule kocha hanywi kahawa. Dini yao inawakataza. Siku ile hakuiweka finjani kwa kuomba. Hata hiyo mila alikuwa haijui. Yeye mwenyewe ametaka uambiwe."

Baba aliendelea kupanga tende. "Msabato," akasema.

Neno hilo sikuwa nimemtajia.

"Humkumbuki yule fundi wangu wa rangi, mtu wa Kisii, upande huo huo wa Nyamira? Mrefu. Miaka yote aliyokuwa gerejini hajaonja kahawa yangu hata siku moja. Maji moto tu. Na Jumamosi humwoni, hata gari iwe ya waziri."

Nilimkumbuka. Alikuwa akitupa sisi watoto mabaki ya rangi tuchoree ukutani.

"Basi ulijua."

"Alipoiweka chini nilijua. Lakini ami yako hajui." Akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Sasa kwa nini usingemruhusu tu, Baba? Wewe mwenyewe, bila ya mgeni? Nani angekuuliza?"

"Wote wangeuliza. Nikisema mwenyewe, watasema mzee amelegea, Uzinjibari umemrudia. Nikiombwa na mgeni ndani ya nyumba yangu, finjani iko chini, nani atafungua mdomo?" Alichukua tende iliyopasuka akaiweka kando, asiitie kwenye sahani. "Ilipokuwa zamu yako, zile siku za safari ya Bahrein, nilimwambia mama yako kila alasiri aweke kahawa jikoni na atoe finjani zile nzuri. Nilisema, huenda mwalimu wao wa mpira akaja kumwombea. Akija, ntampa. Nilikuwa nikikaa hapa nnasikiliza ngazi."

Nikageuka kuitazama ngazi nyuma yangu.

"Hakuja mtu," baba akasema.

Maisha yangu yote nilikuwa nimeamini kuwa alisema neno lile akalala usingizi. Nilimpenda pale, na papo hapo nikamkasirikia kwa miaka yote ile. "Kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambia nini, mwanangu? Kuwa nnataka uende na siwezi kusema?"

Chini barabarani mtu alikuwa akipiga honi, akaacha. Baba alijifuta vidole kwa kitambaa.

"Mwambie kocha wako nimemsikia, na nimemheshimu. Mtoto aende Salala. Kahawa ile ilishanywewa, na aliyeinywa alikuwa na haki nayo." Kisha akachukua dele kwa mkono wa kushoto, akamimina theluthi, akaninyooshea finjani kwa mkono wa kulia, mimi niliyekaa karibu na mlango.

Nikasogea, nikaipokea. Nikanywa, nikamrudishia bila ya kuitikisa.